Jiwe Ambalo Hakuna Aliyelishika

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nyumbani kwako Bashay, ndani ya metimani, kule kutengwa kwa nyumba iliyofiwa. Tangu tukuzike hakuna jirani aliyeingia kwetu, wala sisi hatuendi kwao. Ng'ombe wetu wanakunywa peke yao, wa wengine wakishaondoka mtoni. Baba mkubwa akija husimama kwenye mahindi, anatusalimia kwa sauti kubwa kana kwamba sisi ni viziwi, kisha anarudi.

Unakumbuka tulivyofuata chumvi ya ng'ombe ziwani Balangida na yule punda wako mbishi? Ulivunja bonge, ukanionyesha vipande vyenye pembe za mraba. Ukavunja kimoja, vikatoka vilevile, vidogo zaidi.

"Nani anaviambia?" nikakuuliza.

"Waulize walimu wako. Mimi nauliza tu kama ng'ombe watalamba."

Sijaacha kuuliza. Chuoni natabiri kwa hesabu, kwa kutazama atomu zilivyopangwa, ni fuwele zipi ambazo ndani hazipitishi umeme lakini usoni zinapitisha. Ukiikata fuwele ya namna hiyo, uso mpya nao unapitisha. Likizo ya mwisho nilikueleza haya tukipukuchua mahindi.

"Na hilo jiwe umelishika?"

"Hapana, Baba. Hakuna aliyelitengeneza bado."

"Mama yake, tumesomesha mganga. Tena mganga wa mawe."

Mama alicheka mpaka akamwaga punje.

Sasa ninalo jiwe moja ninaloliamini, kwenye karatasi tu. Kwa penseli nimefika mwisho wa ninachoweza. Kilichobaki kinahitaji kompyuta kubwa, na zamu yetu ni wiki hii. Msimamizi wangu ameniandikia kwamba nisiporudi, kazi atampa mwenzangu. Nimejaribu kumweleza metimani kwa ujumbe wa simu, nikafuta.

Jana baba mkubwa alipaza sauti kutoka mahindini. "Binti, ukitoka kabla hatujawafungulia, watu watasema umetawanya kifo. Wewe utakuwa mjini. Mama yako ndiye watakayemkimbia." Kisha, taratibu, "Umekula lakini?"

Siamini kwamba kifo chako kinaambukiza, Baba. Lakini wanaoamini ndio watakaomsaidia Mama kuvuna.

Nilitaka kuifananisha nyumba hii na fuwele zangu, nikaacha. Chembe iliyokwama ndani ya fuwele haijui kwamba imekwama. Mimi najua tangu ninapofungua macho.

Mama anasema niende. Anasema kila asubuhi, na kila asubuhi anasonga ugali wa watu wawili.

Leo nimemjibu msimamizi: ampe mwenzangu. Nimepiga picha kila ukurasa wa hesabu zangu, nikazituma zote. Jiwe likionekana kuwa kama nilivyosema, atakayelisema kwanza ni mwingine.

Nilipomaliza, Mama alikuwa ameanza kukama. Nilikwenda kumshikia ndama.

Pumzika, Baba. Mimi niko hapa.

Binti yako, mganga wa mawe