Kila Mtu kwa Watu Wake

Jumatatu, 4 Septemba 2006. Kitale
Bado orodha ya atachimenti, mafunzo ya kazini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu arobaini na mmoja, wote wawe kazini tarehe kumi na nane. Nimemaliza thelathini. Njia ni ile ile ya miaka sita: kila mtu kwa watu wake. Wabukusu, Bungoma, kwenye viwanda. Wasabaot, vyama vya ushirika vya upande wa mlimani. Sisi Wakikuyu, maghala na maduka ya jumla ya Kitale na Kachibora, ambako najuana na kila mwenye ufunguo. Waislamu, maduka ya vitambaa karibu na msikiti. Simu moja tu, mtoto amepokelewa. Hakuna anayerudishwa langoni.
Chai ya ofisini imekuwa maji ya rangi. Nimelalamika. Nani atasikia.

Jumatano, 6 Septemba. Bungoma
Nimeitwa makao makuu ya chuo. Daktari Nekesa, mkuu mpya wa shule ya biashara, hata hakunikaribisha kiti. Alinipa barua nisome nikiwa nimesimama. Imeandikwa na Zuhura, mwanafunzi wangu wa Kitale, binti wa fundi cherehani. Anasomea ununuzi na ugavi. Mwaka wa kwanza nilimpeleka duka la vitambaa. Mwaka wa pili, duka la vitambaa. Safari hii pia. Ati kazi yake huko ni kukunja na kufagia, hajawahi kuona hati ya zabuni kwa macho yake. Kanuni inasema atachimenti ya mwaka wa tatu iwe ya fani yako, la sivyo unarudia mwaka. Baba yake hawezi karo ya mwaka mwingine. Akirudia, masomo yamekwisha.
Shukrani ya punda ni mateke. Mimi ndiye nilimtafutia hilo duka. Mwenye duka humwita "binti yangu", na saa ya swala humpa ruhusa. Nani mwingine angempa?
Nimechukia. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 7 Septemba
Sasa kuna kamati. Kamati ya Ujumuishaji. Jina tu linaumiza kichwa. Mimi mwanachama kwa lazima, ili nionekane nimeketi hapo. Daktari amefuta orodha yangu yote. Ati wanafunzi wataokota karatasi kwenye bakuli, utakapoangukia ndipo utakapokwenda. Kama chama cha akina mama kikigawa zamu. Na hii ni shule ya biashara ya chuo kikuu.
Niliwaambia wazi kwamba watu watarudishwa. Daktari alisema warudishwe basi, ili tujue nani anawarudisha. Mtu wa Bungoma kuja kunifundisha Kitale!

Jumatatu, 11 Septemba
Wameokota. Zuhura amepata ofisi ya manunuzi, ghala la mbegu na mbolea la Karanja, Kachibora.
Nilipoliona jina nilijua papo hapo. Karanja tunasali kanisa moja. Namjua anavyowaza. Ningeweza kumpigia simu leo nikamlainisha. Sikupiga. Acha waone wenyewe.
Vijana wetu wawili waliotegemea hilo ghala wamenipita kwenye korido bila salamu. Mama wa mmoja amenipigia, ananiita msaliti. Huku mkabila, kule msaliti. Potelea mbali nyote.

Jumatatu, 18 Septemba
Zuhura amerudishwa langoni. Bawabu amesema nafasi zimejaa.
Nilifurahi. Naandika ukweli, maana hapa hapasomwi na mtu.

Jumanne, 19 Septemba
Amerudi tena Kachibora, amerudishwa tena. Mchana Karanja akanipigia, kwa lugha ya kwetu, anacheka. Ati kuna msichana wa buibui anasumbua lango lake, na bila shaka ni makosa ya chuo, maana mimi siwezi kumfanyia hivyo. Akaongeza neno ambalo sitaliandika. Nilicheka naye.
Asiyepokelewa kwa siku tatu hukatwa kwenye orodha. Kesho ni ya tatu.
Jioni Daktari Nekesa alipiga simu ya ofisini. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, wewe ndiye mratibu. Kesho nenda naye. Na ukienda, na usipoenda, nitaandika ulichofanya." Akakata.
Mwanamke huyu ananitafuta.

Jumatano, 20 Septemba. Kachibora
Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka nishuhudie akikataliwa, niandike ripoti, kamati ife.
Nilimkuta nje ya lango, amekaa kwenye kiroba cha mbolea, faili mapajani. Alisimama akanisalimu. Nilimjibu kwa kichwa.
Karanja mwenyewe akaja kutufungulia, mikono miwili, kwa lugha ya kwetu. Akaniuliza habari za nyumbani, za mahindi, za mchungaji. Kisha bila kumtazama binti akaanza. Ati tangu lini mimi namletea mtu wa mtaa wa msikiti. Ati kwenye manunuzi kuna siri za bei, na hao siri hawajui kutunza. Nikamwambia si mimi, ni bakuli la Bungoma. Akanishika bega. "Lakini wewe ndiye uliyenizoesha, Mwalimu. Miaka sita unaniletea watoto wetu tu. Mimi nilikuomba?"
Ni kweli hakuniomba hata siku moja. Nilidhani anataka hivyo. Naye alidhani ndivyo chuo kinavyotaka.
Hapo Zuhura akasema. Kwa Kikuyu. Kikuyu kisafi, kuliko cha wanangu. Alisema atasubiri pale kwenye kiroba mpaka tumalize kumjadili.
Kumbe amelelewa ua mmoja na familia tatu za kwetu, nyuma ya kinu cha kusaga. Mimi nimemfundisha miaka mitatu na sijui.
Karanja aliduwaa. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akapiga makofi, ati kumbe ni wetu huyu, angesema mapema, ingia mama, ingia. Nami nikashusha pumzi. Nikaona mambo yameisha, na salama.
Binti hakusogea. Akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi si wenu. Nimekuja na barua ya chuo. Mnaipokea au hamuipokei?"
Nilitamani kumzaba kofi. Lango limefunguliwa, kuna haja gani? Mwaka wake wote ulikuwa umesimama hapo na yeye anauchezea. Karanja akanigeukia nimkanye.
Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni lile bega aliloshika. Nilichukua ile barua kwenye faili, nikampa Karanja, nikamwambia aisome, agonge muhuri kwa sababu ya kilichoandikwa humo. Asipogonga, sitamletea mwanafunzi mwingine yeyote, hata mpwa wake anayesubiri atachimenti ya Januari.
Akagonga. Hakunitazama tena. Hakunipa lifti hadi barabarani.
Zuhura hakunishukuru. Nilisubiri, kusema kweli.

Jumapili, 24 Septemba. Kitale
Kanisani Karanja amehama benchi. Mke wangu ameuliza kulikoni. Nikamwambia kazi.

Ijumaa, 29 Septemba
Barua kutoka Bungoma. Uratibu wa atachimenti nimenyang'anywa kuanzia Januari. Amepewa kijana aliyeajiriwa juzi. Ripoti ya Daktari inataja kwamba nilikwenda Kachibora siku ya tatu. Inataja pia kwamba ya kwanza na ya pili sikwenda. Hakuna uongo ndani yake na ndiyo maana imenikera.

Alhamisi, 12 Oktoba. Kachibora
Ziara ya ukaguzi. Ya mwisho kwangu.
Meza ya Zuhura iko karibu na mlango, penye vumbi. Wenzake hawasemi naye sana. Kazi anaifanya. Amenionyesha zabuni nne za magunia alizolinganisha, na kosa moja alilolinasa ambalo karani wa miaka kumi hakuliona. Karani hajafurahi. Niliandika alama anazostahili, na ni za juu.
Waliniletea chai na mandazi. Nilikuwa nimefika nusu kikombe nilipokumbuka kwamba yeye amefunga Ramadhani. Nikaweka kikombe sakafuni. Alisema ninywe tu, haidhuru.
Nikatia saini kwenye kitabu chake. Mwaka wake umepona. Nilidhani sasa atasema asante. Badala yake aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, Asha aliyenitangulia kwenye duka la vitambaa, yule aliyekuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo. Yuko wapi siku hizi?"
Nikasema sijui. Akasema sawa, akafunga kitabu, akarudi kwenye magunia yake.
Nimefika nyumbani. Nimekaa najaribu kuukumbuka uso wa Asha. Mwandiko wake naukumbuka, wa kulala kidogo. Uso haunijii.