Bado Sijakuvua, Ta Felician

Ta Felician, waitu, mpendwa wetu,

Nimekukasirikia, na leo nakuambia. Wewe ndiye uliyetuzoesha kuagana. Kila Jumamosi kundi letu la maigizo lilipokutana pale Nshamba, nyuma ya ghala la kahawa, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya kuwaaga wenzake wote kwa majina. Halafu wewe mwenyewe ukaenda hospitali Bukoba, eti kupima presha tu, na siku ya tatu tukaambiwa umekufa. Mwalimu gani huyo?

Tulikuzika kibanjani kwenu Maruku, katikati ya migomba. Nilisimama na magongo yangu kwenye tope, nikalia mpaka dada yako akaniletea kiti. Ta Leopold, mkubwa wetu kundini, hakuwepo. Watoto wake walisema mzee kipofu atasumbua watu msibani, wakamwacha nyumbani na redio yake.

Jumamosi iliyofuata tulikusanyika. Tulikaa kama ulivyotufundisha, macho tumefumba, tunahesabu pumzi. Nilifika ya nne nikashindwa. Nilikumbuka siku Ta Leopold alipokuuliza: kama yule mtawa wa Kibuddha aliyekufundisha huko Sri Lanka alikataza kuua hata mdudu, senene je? Ulicheka ukashika mbavu. Ukasema hilo ulisahau kumwuliza, na kwamba wewe ni Mkatoliki, kwa mtawa ulichukua namna ya kukaa tu. Jioni ile ulimaliza sahani nzima ya senene, wala hukuona haya.

Basi Jumamosi hiyo ya kwanza bila wewe, Ta Leopold akainuka akaomba igizo. Hakupata kukuaga, akasema, na anataka kukuaga. Nani atakuwa Felician? Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ndimi niliyezoea kukuiga ukitupa kisogo.

Nikakaa kwenye kiti chako. Akanishika mikono, akakugombeza: "Felician, umeondoka bila kuaga, huna adabu kabisa." Kisha akauliza polepole, "Utarudi?"

Nilipaswa kunyamaza. Ulituambia mara ngapi kwamba kila kitu kinapita, na anayefarijiwa kwa uongo huumia mara mbili? Lakini mdomo wangu ukasema, kwa sauti yako ile nzito, "Nitarudi Jumamosi."

Na sikuvua.

Unakumbuka siku nilipomwigiza shangazi yangu, yule aliyekuwa ananifungia chumbani wageni wakija ili wasione miguu yangu? Igizo lilipoisha nilitaka kwenda nyumbani hivyohivyo, na ukali wake wote. Ulisimama mlangoni. "Kemilembe, vua kwanza." Nikapangusa uso kwa viganja viwili, nikasema kama tunavyosema sote mchezo ukiisha: mimi siye shangazi, mimi ni Kemilembe. Uhusika ni nguo, ulisema, hata huyu tunayemwita "mimi" ni nguo tu, na usiku hulali na nguo ya mtu mwingine. Sasa mimi nimelala na yako wiki saba.

Kila Jumamosi Ta Leopold akiingia huuliza, "Felician, umefika?" Nami naitika, "Nimefika, mzee wangu." Nilijiambia namhurumia. Nilidhani msiba umemchanganya, nikimwambia ukweli atavunjika. Wenzangu walinitazama, wakatuacha tuendelee.

Jumamosi iliyopita alikuja mapema, tukawa wawili tu. Akapapasa benchi, akakaa karibu nami. Akasema: "Mwanangu, mimi ni kipofu, siyo mjinga. Felician nilimuaga siku ileile ya igizo, nikamaliza. Nakuita jina lake kwa sababu ndilo unaloitikia. Nikikuita Kemilembe unanyamaza."

Maawe! Nililia kwa sauti, mwenye ghala akatoka kuangalia nani amepigwa. Ta Leopold alinishika bega, hakunibembeleza, hakuniambia nyamaza. Hayo nayo alijifunza kwako.

Ndiyo, waitu, nilijua. Tangu mwanzo nilijua kwamba asiyeweza kuachia ni mimi. Nikiitika kwa sauti yako naisikia sauti yako. Nikiivua, nitaisikia wapi tena? Ulinitoa chumbani kwa shangazi nikiwa na miaka ishirini na sita, sijawahi kusimama mbele ya watu, ukanipa kiti cha katikati. Nani mwingine angenipa? Nakulilia mpaka kifua kinauma, na wewe huko kaburini huna hata la kujibu.

Kesho ni Jumamosi. Nakuahidi nitaketi mapema, niwahesabie wenzangu pumzi kwa sauti yangu mwenyewe, hii nyembamba uliyokuwa unaicheka. Kundi halitakufa, nimeapa. Wewe pumzika, mwalimu wangu, umefanya kazi kubwa. Nenda salama.

Na Ta Leopold akiingia akauliza kama Felician amefika, nitamwambia: hapana, mzee wangu, hatakuja. Nimekuja mimi.

Kemilembe