Tanki Moja, Kadi Kumi na Mbili

Rumonge, upande wa Gatete
Tarehe 17 Oktoba 2004

Mpendwa mupwa wangu Fabiola,

Amahoro. Uko aje huko Liège? Mume wako yuko aje, na hilo tumbo limefika wapi? Miguu haivimbi? Mama yako anasema usilale chali. Mimi mambo hayo siyajui, ninapitisha tu ujumbe. Baridi imeanza? Funika kifua.

Sisi huku tuko wazima, kwa namna ya wakati huu. Mama yako ana nguvu, Mungu ashukuriwe, hata kupita zile ninazoweza kuzivumilia. Mimi magoti yananikataa. Tangu njia ya Bujumbura ifungwe kule upande wa Muhuta, wiki ya nne hii, nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Bunduki tunazisikia mbali, mulimani. Mutu anasema amezoea, halafu mulango unagongwa anaruka. Barua hii anaibeba Swedi, yule wa boti, anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Nimemwambia aifunge kwa plastiki, aiweke ndani ya shati, na akizama azame amenyoosha mukono juu.

Barua yako ya mwezi wa nane nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani umeingia uchawi. Unasema kuna mashini moja ya chuma, ordinateri, yaani kompyuta, kubwa kama kabati, na ndani yake zinaishi mashini makumi mbili ambazo hakuna anayeweza kuzishika. Kila moja inaamini iko na nyumba yake na stoo yake. Kumbe stoo ni moja, na mwenye ufunguo ni wewe. Mashini ikianza kwenda polepole, wanakuja kukulaumu wewe wa stoo. Na sasa shefu wako, mukubwa wa kazi, anataka uahidi nafasi mara mbili ya ile iliyopo, kwa sababu, anasema, hazitajaza zote siku moja. Ukaniuliza kwa kucheka: Mujomba, wewe ungefanyaje?

Usicheke. Umemuuliza mwenyewe. Kazi hiyo mimi naifanya hapa tangu 1997, bila ordinateri na bila diploma. Shule niliiacha mwaka wa tano kwa kumuhurumia mwalimu, maana maswali yangu yalikuwa yanamunyima usingizi.

Unalikumbuka lile tanki la mawese nyuma ya soko? Linabeba lita elfu sita. Wamama kumi na wawili, mama yako mumoja wao, wanaweka mafuta yao humo. Mimi naonja kwa ulimi. Yakiwa machungu narudisha, yakiwa mazuri yanaingia pamoja na ya wenzake, na naandika kwa kadi ya mama. Kila kadi ina ruhusa ya lita elfu moja. Najua, wewe umeshapiga hesabu. Lakini miaka saba tanki halikupita nusu, kwa sababu huyu akileta, yule anauza, na malori yanapakia kila Jumanne. Na kila mama aliamini mafuta yake yamekaa peke yake mahali pake. Mwanahamisi, yule mwenye sauti ya kuamsha kata nzima, alikuwa akipita asubuhi anauliza, "Bahizire, mafuta yangu yamelalaje?" Namujibu, "Yamelala vizuri, yameamka mara moja tu kunywa maji." Anakwenda zake ametulia.

Nilikuwa waziri, Fabiola. Watu walitoka Magara kuja kuona ninavyopima. Ufito wa kupimia niliutupa zamani, ule ni wa watu wasio na kipaji. Mimi niligonga tanki kwa kidole, ngo, ngo, nikataja lita. Siku moja niligonga nikasema ndani muna mujusi. Tukafungua, mujusi akatoka, akanisalimia. Haya, kusalimia nimeongeza. Mujusi alikuwemo.

Njia ilipofungwa, malori yakakosekana. Lakini michikichi haikuambiwa kuna vita. Iliendelea kuzaa, wamama wakaendelea kukamua, na wote kumi na wawili wakawa wanaleta tu, hakuna anayetoa.

Sasa sikiliza hapa, maana hili huku kwetu limetugharimu. Tanki lilisema mapema. Pompi yetu ya mukono inasukuma mafuta kwa chini, kwa hiyo yakipanda juu, pompi inakuwa nzito. Wamama wanapopampu wanasali ili wasichoke. Zamani bidoni moja, dumu zima, ilikuwa inaingia kwa Baba Yetu moja, au kwa Mwanahamisi, Fatiha moja na pumzi. Wiki ya kwanza ya kufungwa njia ikawa mbili. Wiki ya pili ikawa nne, na mustari wa kungojea ukafika barabarani. Mama yako akaniambia mbele ya wote, "Kaka, hii pompi imekuwa nzito."

Nikamujibu, "Pompi ni ile ile, dada. Mukono wako ndio umezeeka."

Walicheka wote, yeye akaendelea kupampu. Nikapenda walivyocheka.

Jumatano tarehe sita, saa nne asubuhi, mama yako alikuwa wa mwisho kwa pompi. Niligonga kwa kidole nikamwambia, "Iko nafasi, endelea." Aliendelea. Mushono wa juu wa tanki ukafunguka kama gunia. Mafuta yalishuka kwa mufereji mpaka ziwani, mekundu, bata wa jirani wakawa wanateleza humo wakipiga kelele. Tulikinga kwa sufuria, kwa beseni, mimi kwa kofia. Yalipotulia, lita elfu na zaidi zilikuwa zimekwenda.

Halafu likaja swali ambalo sikuwahi kuliwaza. Ni ya nani yaliyomwagika? Mwanahamisi ndiye aliyeanza: "Yangu yalitangulia, kwa hiyo yako chini, yamekaa. Yaliyotoka ni ya aliyeingia mwisho." Wenzake wakaona ni haki. Wakamwangalia mama yako. Alikuwa ameshika pompi bado, mikono myekundu mpaka kiwiko. Na wewe unajua mafuta yale yalikuwa ya kazi gani. Ni ya safari yake, aje awe kando yako ukijifungua mwezi wa kumi na mbili.

Mimi nilisema, "Chuma ni kizee." Hivyo tu. Wakakilaumu chuma. Kadi zote kumi na mbili zilikuwa kwenye mufuko wa shati langu, na niliweka mukono juu yake kama mutu mwenye maumivu ya moyo.

Siku kumi zilipita hivyo. Dada yangu aliendelea kuniletea chakula, sahani anaiweka kwenye kizingiti bila kuniita. Afadhali angenitukana.

Alhamisi nilikaa kukujibu. Niliandika ukurasa muzima wa kujisifu, nikafika mahali pa kukushauri: mwambie shefu wako ukweli kabla stoo haijajaa. Nikausoma. Nikaupasua.

Jana asubuhi nikawaita wote kwenye tanki. Nilitandika mukeka, nikazipanga kadi mbele yao, nikasema: jumlisheni. Mwenye kujua hesabu alijumlisha. Ruhusa ni lita elfu kumi na mbili, tanki ni elfu sita, na aliyewaahidi ni mimi. Chuma hakikukosa kitu. Mwanahamisi akaiokota kadi yake. "Kumbe miaka yote hii mafuta yangu yalikuwa yanalala kitanda kimoja na ya watu!" Wakacheka, lakini si kicheko cha zamani. Mwingine akauliza, "Na hicho kidole, Bahizire, kilikuwa kinasikia nini?"

Nikasema, "Kilikuwa kinasikia ninyi munavyonisifu."

Ilichukua mpaka mchana. Mwisho walikubali kwamba yaliyomwagika ni ya wote, kila mama sehemu sawa, kwa sababu ndani ya tanki hakuna aliye chini wala juu. Bidoni zangu nne za nyumbani nilizipeleka kujazia. Kisha mama yako akakata ufito mupya, akautia alama kwa kisu, akaniambia, "Kaka, wewe kuanzia leo uonje tu." Sasa anapima yeye, asubuhi na jioni, na anaandika kwa chaki ubavuni mwa tanki namba mbili: iliyoahidiwa, na iliyopo. Mwanahamisi amepewa kuhesabu sala kwa pompi. Zikifika mbili kwa bidoni moja, anapiga kelele na hakuna anayeingiza tena. Kelele hiyo inasikika Gatete nzima, hii sikuongeza.

Basi jibu langu ndilo hilo. Usiziulize mashini zako zinajisikiaje, kila moja itasema iko peke yake. Simama kwenye mulango wa stoo uhesabu zinangoja muda gani, na nani anaishikilia pompi. Namba zako mbili ziweke pamoja kwenye karatasi moja, umupelekee shefu sasa, wakati anacheka bado. Ukiambiwa ni mukono wako umezeeka, usinyamaze kama mama yako alivyonyamaza.

Nisalimie mume wako, na Mardochée, yule mutoto wa jirani mwenye bata, mukionana mwambie baba yake ni muzima. Watoto wangu Jessica na Léonard wanakusalimu, na Mwanahamisi amesema nikuandikie kwamba mafuta yake yanalala vizuri.

Utaniuliza kama mama yako atafika kabla mutoto hajazaliwa. Mujomba uliyemzoea angekuapia kwamba atafika na atabeba na samaki. Mimi nakupa kilichopo: mafuta yake yapo, pasipoti ipo sandukuni, njia haijafunguka. Zaidi ya hapo siahidi.

Mungu akushike wewe na huyo aliye ndani, akupe kuzaa kwa wepesi.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimechoka hivi,

Mujomba wako Bahizire