Sherehe Nyumbani Kwako

Dada yangu Swafiya,

Salamu zetu zikukute mzima huko Maskati. Mama hajambo, goti limepoa, na asumini yako ya uwanjani imechanua.

Lakini nina jambo la kukueleza. Jana kaka yetu Bakr alituandalia Siku ya Wanawake, nyumbani kwako. Alileta halwa, akatugawia leso, akakusifu kuwa mhandisi wa kwanza wa kike mtaani. Vigelegele vikalia. Kisha akamwingiza mgeni wa Kizungu, akasema huyu ndiye anayeinunua nyumba, maana wewe una kazi kubwa huko, huihitaji tena.

Wallahi, sahani ilinitoka mkononi. Nyumba uliyojengewa na marehemu baba kwa ajili ya harusi yako! Kaka gani wa Lamu huuza nyumba ya dadake?

Mama aliinuka polepole. "Bakr, babako hakukujengea wewe. Mtake mgeni radhi, kisha shika ndia."

Bakr akatoka amenuna, akaenda zake kulala. Lakini huko anakolala ni nyumba ya mkewe Nusra, aliyojengewa na babake, na Nusra alikuwa mkekani pamoja nasi, akisikia kila neno. Alipita njia ya mkato, akamtangulia kufika, akatia komeo.

Kwa hivyo Bakr akikupigia simu leo usishtuke. Anataka ruhusa yako alale nyumbani kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Safaa