Mzio wa Ukoo

Miyuji, Jumanne, Mei 1996

Na huyo Baba Lameki ndiye mume niliyepewa na Mungu.

Leo tulimpeleka Lameki, mwanangu, kwenye hospitali ya binafsi, moja ya hizi mpya za soko huria. Daktari alitaka kumwandikia aende Dar, akapigwe picha ya mishipa ya moyo. Akamuuliza, "Kijana, una mzio wowote?"

Baba Lameki akadakia, "Mzio wa ukoo wetu ni pundamilia. Hatumli kabisa, ni mwiko tangu mababu."

Ahsante, msomi wangu. Kumbe huko Dar walishamchemshia pundamilia.

Daktari akacheka, akaandika hana. Ikabidi niseme: mwaka juzi, kwenye picha ya figo, walimchoma dawa ya rangi akavimba uso hadi macho yakafumbika.

Kicheko kikakatika. "Mama, hata hii wanachoma rangi ya namna hiyo. Ingeweza kumziba pumzi. Asiende kwanza, niongee na madaktari bingwa."

Basi haendi, na kifua bado kinambana. Sijui nishukuru au nilie. Nikimsikia anakohoa chumbani kwake, kalamu inasimama.

Njiani Baba Lameki alitembea kifua mbele. "Si nilimwambia mapema mtoto ana mzio?"

Kweli, baba. Pundamilia katuokolea mtoto.