Shangazi Hakukuroga, Baba

Baba,

Arobaini yako imepita. Mama amefua mapazia mara mbili, lakini harufu ya sigara zako haitoki. Sijui kama nataka itoke.

Kuna jambo tulikosea, mimi na wewe.

Ulinisimulia mwenyewe ulivyoanza kuvuta: ujana wako, ukikata mikoko, moshi ukikufukuzia mbu. Mikoko uliacha kukata, sigara hukuacha. Kisha ikaja nimonia. Ukapona, ikarudi. Mara ya tatu ukanishika mkono ukasema, "Mwanangu, huu si ugonjwa wa bure. Ni dada yangu huyu." Kwa sababu mligombania shamba la mpunga la babu. Na mimi niliyesoma nikakuamini.

Hukujua kwamba alikuja. Alipanda boti mpaka hapa Salale kukuangalia, nami nikamzuia kabla hajafika nyumbani. "Shangazi, rudi. Baba hataki kukuona." Alisimama kwenye tope na kapu lake. Akarudi na boti ileile. Siku tatu baadaye ukafa.

Baada ya arobaini nilikwenda hospitali Kibiti kuchukua karatasi zako. Nikamuuliza daktari, mbona ugonjwa umrudie mtu mmoja, na sisi sote tunalala nyumba moja? Akauliza kama ulivuta. Akanieleza taratibu kwamba ndani ya mapafu mna seli za ulinzi, kazi yake kumeza vumbi na vijidudu tunavyovuta na hewa. Moshi unazijaza masizi mpaka zinachoka. Vijidudu vikiingia, hazivimudu tena. Nyingine zinachachamaa, zinaharibu mapafu yenyewe.

"Kwa hiyo hakurogwa?" Niliona haya hata kabla hajajibu.

"Ni moshi, dada. Moshi wa miaka mingi."

Siku hiyohiyo nikapanda gari la Ikwiriri. Shangazi alikuwa anaanika ufuta. Nikapiga magoti palepale uani, nikamweleza yote. Aliuacha ufuta, akaniinua. Halafu akasema, "Nilitaka kumwona tu. Mdogo wangu yule. Nimembeba mgongoni."

Tukalia, baba. Tukalia mpaka majirani wakaja.

Juzi nimemleta kaburini kwako. Amekusomea Yasini, sauti ikimkatika. Anasema amekusamehe, na mimi pia amenisamehe. Lakini wewe uliondoka ukiamini dada yako ndiye anayekuua, na ningeweza kumwacha apite. Hatua chache tu. Ningemwacha apite, baba.

Jina lake tulilichafua kijiji kizima. Nakuahidi, nitalisafisha kwa mdomo huuhuu, nyumba kwa nyumba. Atakayeuliza kilichokuua nitamwambia ni sigara, hata kama ni aibu kwetu. Nitaanza na mama. Juzi shangazi alipika, na mama hakugusa chakula chake.

Buriani, baba yangu. Mola akuhurumie, na mimi anihurumie.

Mwanao,
Zuhura