Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Yusto

Otilia Adolfu,
Mtaa wa Izia,
S.L.P. 611,
Sumbawanga.

14 Novemba 2004

Mpendwa mwanangu Yusto,

Marahaba. Najua huko Mtwara ukiifungua barua hii utaniamkia, basi naitikia kabisa nisije nikasahau. Hujambo baba? Unalalaje, unakula nini, na ile homa ya mwezi wa nane imekuacha kweli au unanificha? Joto la huko nalisikia kwenye redio na linanitia wasiwasi, maana wewe ni mtoto wa baridi, ulizaliwa mwezi wa saba ukavishwa sweta kabla hujapewa jina. Lala ndani ya chandarua. Usiseme ndiyo mama, halafu ukakining'iniza juu kama pazia.

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Mvua zimeanza wiki iliyopita. Shamba limelimwa lote, mahindi napanda wiki hii, ulezi utafuata. Salome na mumewe kule Mwimbi wazima, na mtoto wao ameanza kutembea, hatua tatu anaanguka, anainuka anacheka.

Nimeandika barua badala ya kukupigia kwa sababu simu yenyewe iko dukani. Unaongea huku watu watano wamesimama nyuma yako, wananunua sabuni na kusikiliza. Haya ninayotaka kusema si ya watu wa sabuni.

Yusto, Krismasi iliyopita ulisafiri siku nne kuja kwangu, ukakaa siku tatu. Ulisema kazini wamekuita. Sikukuuliza wamekuitaje wakati hakuna barua iliyokuja wala simu. Nilijua kuwa sababu ni mimi na mdomo wangu. Pale mezani, mbele ya baba yako mdogo Kasmir na wageni wake, nilisema, "Mwenzako Eustace ana watoto wawili, wewe unaendesha gari la kwenye kioo." Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, lakini ulinawa mikono wakati paja la kuku bado liko kwenye sahani. Mama huona sahani.

Na asubuhi ya siku ile ile ulikuwa umeniita chumbani kwako. Ule mchezo wako wa magari kwenye kompyuta ulikuwa unakwamakwama, gari linaruka kama panzi, lakini uliniita tu: "Mama, njoo ukae hapa, huu ni wa watu wawili." Nikakujibu nina maharage ya kuchambua. Maharage, Yusto! Yangekimbilia wapi?

Sasa barua yako ya mwezi wa tisa imesema kuhusu Krismasi hii, "nitaona." Neno hilo nimekaa nalo miezi miwili. Naliweka huku, naliweka kule, halitulii.

Kabla sijakuomba chochote, lazima nikuambie jambo nililofanya, usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Niliiunguza kompyuta yako. Tulia. Soma mpaka mwisho.

Ilikuwa hivi. Tangu uondoke, nikirudi sokoni jioni nilikuwa naiwasha. Sifanyi kitu, ulinionyesha kitufe kimoja tu cha kuwasha na namna ya kuzima. Naiwasha, feni inaanza kuvuma, mimi naendelea na mambo yangu jikoni. Ulipokuwa hapa nilikuwa napiga kelele, Yusto zima hiyo, inavuma kama mashine ya kusaga! Baba yako hayupo, Salome ameolewa, nyumba hii sasa hata paka wa jirani akipita juu ya bati namsalimia. Basi feni ikivuma nasema, kuna mtu chumbani.

Mwezi wa saba ukaja na ule upepo wake unaouma masikio. Mimi nilikuwa nimefuma kitambaa cha nyuzi za kijani, chenye pindo refu. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, picha ya baba yako ina kitambaa, nikaona ni aibu kompyuta yako ikae uchi kwenye baridi ile. Nikakiweka juu ya sipiyu, lile sanduku lenye feni, pindo likaangukia nyuma, na juu yake nikaongeza shali langu. Nikaiwasha nikaenda kusonga ugali. Feni ikavuma kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Halafu harufu. Nilipofika chumbani moshi ulikuwa unatoka kwa nyuma. Nikachomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni. Nilijiambia, haya, hata kile kilichokuwa kinamrudisha nyumbani umekimaliza.

Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu niliifunga sipiyu kwenye kitenge, nikajitwika kichwani, nikaenda kwa Minza. Huyu Minza ni binti wa mzee Masalu, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Alisomea kompyuta Mbeya, sasa ana chumba chake cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Njiani wananiuliza, "Mama Yusto, unauza redio?" Nikawaambia nampeleka mgonjwa.

Minza akafungua skrubu, akaingiza vidole viwili, akavuta uzi wa kijani urefu wa mkono mzima. Ulikuwa umejizungusha kwenye feni ya nyuma mpaka ikashindwa kugeuka. Akaniangalia. "Mama Yusto, ng'ombe hata ukimfunika blanketi haongezi maziwa. Hiki kinataka upepo." Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Kumbe kilichoungua ni kile kisanduku cha umeme tu, wanakiita pawa saplai. Vyako vingine vyote vilikuwa salama, na mafaili yako yote yapo.

Ndipo nikamwuliza, tukishaweka kipya, ule mchezo wa Yusto utaacha kukwama? Akasema hajui mpaka auone. Kesho yake nikampelekea lile kasha la CD uliloliacha kwenye droo. Akaligeuza nyuma, kuna maandishi madogo madogo kama ya kwenye dawa. Akasema, "Hapa wameandika huu mchezo unakula nini." Nikamwambia basi tuupikie.

Mwanangu, nimejifunza mambo. Ile ramu ni kama meza ya kukatia mboga. Ikiwa ndogo, kila dakika unasimama kupanga upya, ndiyo maana gari lilikuwa linaruka. Yako ilikuwa sitini na nne, kasha linataka mia mbili hamsini na sita. Na ile kadi ya picha ndiyo inayochora barabara na magari. Yako Minza alisema inatosha kuchora barua za kuomba kazi. Pawa saplai nilitaka ile ndogo kama ya zamani, Minza akakataa, akasema kadi mpya itataka umeme zaidi, tutakuja kuinunua mara mbili. Nikamwelewa. Hununui sufuria ya mtu mmoja huku unangoja wageni.

Ramu ilipokuja tukaichomeka, kompyuta ikakataa kuwaka. Inalia tu, pii, pii, pii. Mimi moyo ukashuka magotini. Minza hana habari, akachukua kifutio cha penseli, akasugua yale meno ya dhahabu pole pole, akairudisha, ikawaka. Kifutio cha mtoto wa shule, Yusto! Ningejua ningekuwa fundi zamani.

Kadi ndiyo ilinitesa. Tulimwandikia kondakta wa basi la Mbeya kwenye karatasi, akaleta kadi, lakini mdomo wake haukuingia kwenye nafasi yake. Nikasema sasa naenda mwenyewe. Mbeya sikuwa nimefika tangu tulipompeleka baba yako hospitali, na basi lilipopita ile njia ya hospitali nilifumba macho. Nilibeba kadi yako ya zamani kwenye kanga, kama mtu anayetafuta mfuniko akaja na sufuria yake. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, hii ni ya vijana wa gemu. Wewe si unataka ya kuchapia?"

"Nataka hii hii," nikamwambia, "ila iwe na mdomo kama huu, na nguvu kama ilivyoandikwa hapa." Nikamtolea kasha lako.

Akalisoma, akaguna. "Mama, wewe mshikaji kweli!"

Nilimwuliza Minza kama hilo ni tusi. Anasema ni sifa, basi nimelipokea.

Kitu kimoja hatukugusa. Minza anasema ile prosesa, yaani ubongo wenyewe, ni ya zamani kidogo, na kuna mbili ambazo hiyo mashine inaweza kupokea. Moja ina kasi zaidi lakini inapata joto sana, nyingine ni mpole. Alitaka nichague. Nikasema hapana, hiyo ni ya mwenyewe, achague kwa macho yake. Majina yote mawili ameyaandika kwenye karatasi, nimeibana kwenye kioo cha kabati.

Usiogope kuhusu radi. Wingu likionekana hata upande wa Kalambo, nachomoa kila kitu, mpaka redio. Wenzako wa huko wakikutania na radi za Sumbawanga, waambie hata mama yako anazikimbia.

Basi juzi juzi Minza akaja nyumbani, akaweka CD. Yusto, haukwami. Barabara inateleza kama maji, hata majani ya pembeni yanatikisika. Akanisukuma kitini, akasema mwenye mali ajaribu. Nikabonyeza mishale, gari likaenda moja kwa moja ukutani. Nikarudi nyuma nikamgonga mwingine, nikamwambia samahani. Minza alianguka kitandani kwa kicheko. "Mama Yusto, hata mkokoteni wa baba umeshakupita!"

Sasa najifunza kila siku nikitoka sokoni, kidogo tu, macho yasije yakaharibika. Nimeacha kugonga ukuta. Kushinda bado. Wenzangu wote wananipita mwanzoni kabisa, wanapotea mbele, barabara inabaki mimi na miti. Hapo sihitaji kufundishwa, barabara ya namna hiyo naijua.

Mwanangu, nisikuzungushe. Nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu kwa kitu ulichokipenda, na ulikuwa umeniita nikione. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Sasa nimebeba vipande vyake kichwani na kwenye kanga, nimeona ulivyovikusanya kimoja kimoja miaka ile, ukikosa hiki unangoja, ukipata kile unafurahi peke yako. Hukuwa na mtu wa kumwonyesha. Ulikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na maharage. Nisamehe.

Nakuomba uje Krismasi. Eustace simtaji, ndoa siitaji, na Kasmir nimeshamwambia akija aje na mdomo wa kula tu. Minza nimemtaja kwa sababu ya kompyuta, usianze kunishuku. Lakini kama kazi haikuruhusu kweli, usiniandikie tena "nitaona." Andika siji, nami nitajua, nitazoea. Hilo neno la katikati ndilo linalonichosha.

Baba mdogo Kasmir anakusalimu, na Salome, na mzee Masalu anayesema ukija utakunywa maziwa yake mpaka ukimbie. Nawe nisalimie huyo mama mwenye nyumba wako, umwambie nashukuru kwa uji aliokupikia ulipoumwa. Nimemsagia unga wa ulezi, nautuma kwa basi pamoja na wako, mfuko wenye fundo jekundu ndio wake. Mungu aliyekupitisha njia hiyo ndefu mara ya kwanza akushike mkono tena, popote gari litakapokufikisha, na akurudishe ukiwa na nguvu zako zote.

Kile kitambaa cha kijani sikukitupa. Nimekata pindo, nimekiweka kwenye kiti cha pili mbele ya kioo cha kompyuta. Mchezo ukianza, kila siku unauliza madereva ni wangapi, unaleta moja na unaleta mbili. Minza alinifundisha kubonyeza moja. Kubonyeza mbili nimejifundisha mwenyewe, na nimeona gari la pili linavyokaa pale kwenye mstari, limewashwa, halina mtu. Mishale itakuwa yangu. Upande wa herufi, unaoendesha gari la pili, siugusi, ni wako.

Wako akupendaye, na anayekungoja kwenye mstari,

Mama yako,
Otilia